Umepima nini? Kuchagua kipima umbali kwa mwindaji wa mbali

Kichaka chenyewe hakikuwa kikubwa. Yalikuwa matawi makavu machache yaliyochomoza juu ya nyasi, kimo cha kiuno, rangi moja na nyasi zilizokizunguka. Dume la kulungu alikuwa amesimama ubavu ng'ambo ya bonde, ameinamisha kichwa anakula. Nikabonyeza kitufe cha kipima umbali, namba ikatokea: 431. Nikabonyeza tena: 431. Namba ileile mara mbili, nikaamini. Nikarekebisha darubini ya bunduki kwa mita 431, nikashusha pumzi, nikafyatua.

Umbali wa kweli ulikuwa mita 470. Risasi ilishuka karibu sentimita 20 chini ya pale nilipolenga, ikamvunja mguu wa mbele. Tulimfuata mnyama yule kutoka asubuhi hadi jua linakaribia kuzama, tone la damu hapa, alama ya kwato pale, na nilipomfikia kummaliza alikuwa amelala chini ya mti akiwa bado macho, ananitazama. Sijawahi kuisahau siku ile na sitaki kuisahau.

Mzee aliyenifundisha kuwinda hakunigombeza. Tuliketi kando ya mnyama, akaniuliza, "Mwanangu, ulipima nini?"

Nikamwambia, "Nilimpima yeye, mzee. Mara mbili."

"Wewe ulimtazama yeye. Mimi nakuuliza kifaa kilipima nini."

Asubuhi iliyofuata tulirudi mahali nilipolala kupiga. Mwenzetu akaenda kusimama pale aliposimama dume. Nikampima: 470. Nikashusha nukta ya kulengea iliyo ndani ya kioo cha kifaa kidogo sana, upana wa uzi: 431. Ndipo nikakiona kile kichaka.

Naandika haya kwa sababu kila mtu anayetaka kununua kipima umbali kwa ajili ya kupiga mbali huniuliza swali moja: kinafika mita ngapi? Hata mimi niliuliza hivyo nilipokuwa nanunua cha kwanza. Kilikuwa kimeandikwa kinafika mita 1,000, na mimi sikuwa na nia ya kupiga hata nusu ya hapo, nikaona nimejihami vya kutosha. Swali ninalouliza sasa ni lile la mzee. Kifaa kikikupa namba, namba hiyo ni ya kitu gani, na wewe utajuaje?

Ndani ya kipima umbali cha leza kinachopimwa ni muda. Ukibonyeza kitufe, leza ndogo hurusha mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho. Kwa vifaa vingi vya wawindaji ni mwanga wa nanomita 905. Mwanga huenda, hugonga kitu, chembe yake ndogo hurudi, na saa iliyo ndani huhesabu muda uliopita. Mwanga husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda mita 1,000 na kurudi huchukua mikrosekunde 6.7 hivi. Saa ikikosea nanosekunde 6.7 tu, umbali umekosewa mita moja. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960, na leo teknolojia hiyo inakaa kwenye mfuko wa shati. Kila nikiifikiria hesabu hiyo nabaki na heshima kubwa kwa waliotengeneza vitu hivi.

Saa hizo ni nzuri. Kifaa cha bei ndogo na cha bei kubwa vyote hukuambia mita moja zaidi au pungufu, na mara nyingi vyote husema kweli. Siku ile kifaa changu hakikukosea hata mita moja: kichaka kilikuwa mita 431. Kosa lilikuwa kwenye kitu kilichorudisha mwanga.

Watu wengi hudhani mwale wa leza ni uzi mwembamba unaotoka kwenye nukta na kugusa pale pale unapoielekeza. Mwale hutanuka kadiri unavyokwenda, kama mwanga wa tochi. Kutanuka huko hupimwa kwa milirediani, na hesabu yake ni nyepesi: milirediani 1 ni upana wa mita 1 kwenye umbali wa mita 1,000, au nusu mita kwenye mita 500. Kifaa ambacho mwale wake una milirediani 2 kinamulika eneo la mita nzima kwenye mita 500. Kifua cha kulungu hakifiki hapo. Maana yake, hata ukitulia kama jiwe, sehemu kubwa ya mwanga wako inaangukia nyasi, kichaka, au mteremko ulio nyuma yake, na kila kimojawapo kinarudisha mwanga wake. Kifaa hupokea majibu kadhaa kisha hukuchagulia moja.

Tena mwale huo si duara. Leza zinazotumika hutoa mwanga kupitia ufa mwembamba, kwa hiyo doa lake huwa kama mstatili: refu upande mmoja, fupi upande mwingine. Wengine huutengeneza ulale, wengine usimame. Hili lina maana kubwa kuliko linavyosikika, na mahali linapoonekana wazi ni kwenye uwanda.

Chukua uwanda tambarare. Umesimama, jicho lako liko mita 1.5 juu ya ardhi, na mnyama yuko mita 500. Mstari wa macho yako hadi ardhi aliyokanyaga una mwinamo wa milirediani 3 tu, karibu ulale. Mwale wenye kimo cha milirediani 1 ukiulenga hapo, ukingo wake wa chini unagusa ardhi kwenye mita 429 na ukingo wa juu unagusa ardhi kwenye mita 600. Yaani umeimwagia mwanga ardhi ya mita 171, na mnyama yumo katikati. Mwale ukiwa na kimo cha nusu milirediani, ardhi hiyo inapungua hadi mita 84 hivi, kutoka 462 hadi 545. Sasa piga magoti, au lala chini kama tunavyolala kupiga, na hali inazidi kuwa mbaya. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kifaa kilichoandikwa mita 2,000 na kikamdanganya kwenye mita 400 za nyasi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye maelezo ya kifaa ni ukubwa wa mwale: milirediani ngapi kwa ngapi. Wapo watengenezaji wanaouandika wazi, na wapo wasioutaja kabisa. Asiyeutaja mimi humpita. Mwale wenye kimo kifupi hunisaidia zaidi uwandani. Na kama mwale wa kifaa chako umesimama wima, kigeuze ubavu unapopima, ulale. Ni jambo dogo, halina gharama, na sijui kwa nini halisemwi mara nyingi.

Turudi kwenye namba kubwa ya kwenye boksi. Namba hiyo hupatikana kwa kupima kitu kinachoakisi vizuri, mfano bamba la alama ya barabarani. Watengenezaji waaminifu huandika namba tatu: ya kitu kinachoakisi, ya mti, na ya kulungu. Ya kulungu huwa kama theluthi hadi nusu ya ile kubwa. Manyoya hunyonya mwanga, hasa yakiwa meusi au yamelowa, na hayarudishi kama ukuta mweupe. Jua la mchana nalo linamwaga mwanga wake kwenye kioo kilekile kinachosubiri chembe ya leza yako irudi, kwa hiyo kifaa kinachofika mita 900 jioni kinaweza kukata tamaa kwenye 600 saa sita. Vumbi, ukungu na mvua hufanya mabaya zaidi, kwa kuwa hurudisha mwanga kabla haujafika popote.

Usifikiri watengenezaji wangeweza tu kuongeza nguvu ya leza. Vifaa hivi vimewekewa kikomo ili visidhuru macho, na kwa mwanga wa nanomita 905, ambao hupenya hadi ndani ya jicho, kikomo hicho kiko chini. Vifaa vya kijeshi na baadhi ya vile ghali hutumia nanomita 1550, mwanga ambao humezwa sehemu ya mbele ya jicho kabla haujafika kwenye retina, hivyo huruhusiwa nguvu zaidi. Kwa sisi wengine ubora unatoka kwingine: mwale kubanwa uwe mwembamba, kioo cha kupokea kiwe kikubwa, na kifaa kirushe mapigo mengi na kuyajumlisha. Hayo ndiyo unayolipia. Binafsi nataka kifaa ambacho namba yake ya kulungu ni angalau mara mbili ya umbali wangu wa mwisho wa kupiga. Hiyo ziada ni ya mchana wa jua kali na manyoya yaliyolowa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningemwomba kila mwindaji alifanye kabla ya kuingia porini, hata kama hatasoma kitu kingine hapa. Nukta unayoiona ndani ya kioo na mwale unaotoka ni vitu viwili tofauti. Vimefungwa pamoja kiwandani, kila kimoja kwenye njia yake, na si lazima vielekee mahali pamoja. Katika vifaa vyote nilivyowahi kuvipima, nimekuta viwili tu ambavyo mwale ulikuwa katikati kabisa ya nukta. Vingine ulikuwa umeegemea upande, na kimoja mwale wote ulikuwa nje ya duara la kulengea, chini kushoto. Mwenye nacho alikuwa amekitumia misimu miwili.

Kuupata mwale ulipo si kazi ngumu. Tafuta nguzo au bango jembamba, mita 200 au 300 kutoka ulipo, ambalo nyuma yake pana nafasi ya wazi ya mita 100 au zaidi kabla ya kilima au msitu. Weka kifaa juu ya miguu mitatu au juu ya mfuko wa mchanga. Mkono mtupu hautakusaidia hapa. Kiweke kwenye hali ya kuchukua kitu cha karibu kwanza, na kama kina hali ya kupima mfululizo ukiwa umeshikilia kitufe, iwashe. Anza na nukta ikiwa kushoto kwa nguzo, namba ikisoma kilima cha nyuma. Isogeze polepole sana kuelekea nguzo. Ghafla namba itaruka, itoke kwenye kilima ije kwenye nguzo. Simama hapo hapo, tazama: nukta iko wapi? Kama bado haijaigusa nguzo, mwale umetangulia upande wa kulia. Kama nukta imeshaivuka nguzo, mwale umebaki nyuma. Rudia ukitokea kulia. Kisha tafuta ncha ya nguzo, au ukingo wa paa, ushuke kutoka juu na kupanda kutoka chini. Ukimaliza utakuwa na picha ya mstatili wa mwale wako: upana wake, kimo chake, na mahali ulipokaa kuhusiana na nukta.

Nilipokifanyia hivyo kile kifaa cha siku ya kichaka, nilikuta mwale wake umekaa chini ya nukta, karibu wote. Nilikuwa nikiweka nukta begani kwa mnyama huku nikipima nyasi zilizo miguuni pake. Kilikuwa kimefanya hivyo tangu nilipokitoa kwenye boksi. Duka lilikataa kukipokea kwa kuwa, kwa maneno yao, kinasoma vizuri, na kweli kilikuwa kinasoma vizuri.

Baada ya hilo ndipo inafaa kuzungumzia kitu cha kwanza na kitu cha mwisho. Mwale ukirudi na majibu mawili, kichaka mita 431 na mnyama mita 470, kifaa lazima kiamue. Vifaa vya mchezo wa gofu huchagua cha karibu, kwa sababu mchezaji anataka kijiti cha bendera wala si miti iliyo nyuma yake. Mwindaji kwa kawaida anataka kinyume chake: mnyama aliye nyuma ya nyasi na matawi. Kwa hiyo kifaa cha kuwindia lazima kiwe na hali ya kuchagua cha mbali, na uweze kuibadilisha bila kutoa jicho kwenye kioo. Nimeona watu wakinunua kifaa cha gofu kwa kuwa ni chepesi na bei yake ni ndogo. Kwa mita 150 hakuna shida. Kwa mita 400 penye vichaka hakifai, na ile hesabu yake ya mteremko imetengenezwa kwa ajili ya mpira.

Lakini hali ya kitu cha mwisho nayo ina mtego wake. Mnyama akisimama kwenye ukingo wa kilima, kifaa kitaruka juu yake na kukupa kilima kinachofuata. Ndiyo maana sipimi tena mara mbili mahali pamoja. Kupima mahali pamoja mara mbili kunathibitisha tu kwamba kifaa kina msimamo. Napima mnyama, kisha kitu kilicho sambamba naye kushoto, kisha kulia, kisha ardhi iliyo mbele yake na iliyo nyuma yake. Mnyama akiwa 470, mbele 455, nyuma 490, picha imekaa sawa. Mnyama akisoma 431 na ardhi iliyo mbele yake inasoma 450, kuna kitu katikati, na hapo sifyatui.

Njia ya kale nayo naitumia kama shahidi. Kabla ya leza, mtu alipima kwa misitari iliyochorwa kwenye darubini: kimo cha mnyama kwa mita, mara 1,000, gawanya kwa milirediani anazofunika. Mnyama wa kimo cha mita 1 begani akifunika milirediani 2.2, yuko mita 455 hivi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ukikosea kimo chake kwa asilimia 10, na umbali unakosea kwa asilimia 10, yaani mita 45. Haitoshi kupigia mbali. Inatosha kabisa kukuambia kwamba leza imekupa kilima.

Kwa nini mita 39 zilinigharimu vile? Kwa risasi ya kawaida ya .308 (kipenyo chake kwa inchi), karibu na mita 200 ukikosea umbali kwa mita 50 risasi huhama sentimita 11 hivi. Bado ina nafasi ya kuangukia kifuani. Kwenye mita 600 kosa lilelile huihamisha karibu nusu mita, kwa kuwa huko risasi imepungua kasi na inashuka kwa mwinamo mkali. Mtu anayewinda ndani ya mita 200 anaweza kuishi bila kifaa hiki. Anayevuka 350 hana haki ya kukisia.

Umbo la kifaa ni suala la mfuko na mgongo. Cha jicho moja, kinachokuza mara 6 au 7, ni chepesi na kinakaa shingoni, lakini unalazimika kushusha darubini, kunyanyua kipima umbali, na kumtafuta mnyama upya, na hapo ndipo watu hupima mnyama mwingine. Darubini ya macho mawili yenye leza ndani yake inaondoa hatua hiyo. Leica walitoa Geovid mwaka 1992, na leo Swarovski, Zeiss na wengine wanatengeneza za kwao. Nimehamia huko na sitarudi, si kwa sababu ya uwezo wa leza: macho mawili na ukuzaji wa mara 10 juu ya miguu mitatu hunionyesha vile vichaka vidogo kabla sijabonyeza kitufe. Kama fedha haitoshi, nunua cha jicho moja chenye mwale mwembamba badala ya darubini ya leza ya daraja la chini; kioo kibovu kitakuchosha macho kutwa nzima. Kuna pia darubini za bunduki zenye leza ndani. Ziko nchi zinazokataza kifaa cha kielektroniki kufungwa kwenye bunduki ya kuwindia, kwa hiyo soma sheria ya unakowinda kwanza. Mimi pia sipendi kutumia bunduki iliyoelekezwa kwa kitu ili tu kujua kiko umbali gani.

Maandishi ndani ya kioo: meusi hupotea giza linapoanza kuingia, wakati ambao wanyama wengi hutoka, na mekundu yanayowaka hupotea kwenye theluji au mchanga wenye jua kama huwezi kuongeza mwanga wake. Chagua mekundu, yenye kurekebishika. Betri nyingi ni za lithiamu aina ya CR2, na baridi huzidhoofisha. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mteremko. Ukipiga kwenda juu au kushuka, risasi hutua juu ya pale ulipolenga endapo umetumia umbali ulioonyeshwa, kwa sababu uvutano wa dunia huhesabiwa kwa umbali wa ulalo tu. Mita 400 kwa nyuzi 30 zinapigwa kama mita 346. Kwa nyuzi 20, kama 376. Karibu kila kifaa cha sasa kina hesabu hii, Leupold wakiiita kwa jina lao, Bushnell kwa lao, Leica kwa lao. Kifaa kisicho nayo usikinunue kwa ajili ya milima. Ila hakikisha unajua ni namba ipi unayoiona: nimemwona mwenzangu mwenye uzoefu akilisoma jibu lililokwisha kurekebishwa kisha akalirekebisha tena kichwani.

Vifaa vya ghali zaidi huenda mbele na kukupa jibu kamili la risasi yako, kwa kutumia programu kama Applied Ballistics iliyo ndani ya baadhi ya vifaa vya SIG Sauer na Vortex, pamoja na vipimo vya joto na mgandamizo wa hewa. Ni msaada mkubwa, mradi ukubali kwamba utapata kile ulichoingiza. Kasi ya risasi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi si kasi ya mtutu wako. Na mgandamizo wa hewa una mtego ambao umewaangusha wengi: vituo vya hali ya hewa hutangaza mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba uko usawa wa bahari, karibu hektopaskali 1013. Mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 1,500 yumo kwenye hewa ya takriban hektopaskali 845. Akiingiza 1013 kama mgandamizo wa pale alipo, kifaa kitaamini hewa ni nzito, kitamwambia anyanyue zaidi, na risasi itapita juu. Acha kifaa kipime chenyewe pale ulipo, na kama hakina kipimo hicho, ingiza mwinuko wako. Kisha nenda ukapige kwenye bamba la chuma kwenye umbali wote unaotaka kuwindia, ulinganishe jibu la kifaa na pale risasi zinapogonga. Mpaka hapo yote ni nadharia.

Upepo hakuna kipima umbali kinachokupimia huko aliko mnyama. Upepo wa ubavu wa mita 4.5 kwa sekunde, ambao unatikisa tu majani na vijitawi, huihamisha risasi ya .308 zaidi ya nusu mita ikifika mita 500. Nalisema hili kwa sababu nimeona kifaa kizuri kikiwapa watu ujasiri wasiostahili. Namba inawaka, 612, safi kabisa, na mtu anahisi nusu ya kazi imekwisha. Risasi inahitaji karibu sekunde nzima kufika mita 600, na kulungu anahitaji muda mfupi kuliko huo kupiga hatua. Kikomo changu ni mita 450, kwenye hewa tulivu, mnyama akiwa anakula, nami nikiwa nimelala. Sikukipata kwenye boksi la kifaa. Ni umbali ambao, kwenye bamba la sentimita 20, sikosi risasi ya kwanza ya siku.

Siku hizi nikifika mahali pa kuvizia, kabla mnyama yeyote hajatokea, natoa daftari na kupima bonde zima: jiwe jeupe 310, mti uliopasuka 388, kona ya mkondo 441, ukingo wa nyasi ndefu 476. Nachora. Mnyama akitokea huwa nimeshajua yuko kati ya nini na nini, na leza inabaki kuthibitisha. Mara ya mwisho dume alitokea nyuma ya mti uliopasuka na kifaa kikanipa 371. Mti wenyewe ulikuwa 388 na yeye alikuwa nyuma yake. Niligeuza darubini ubavu, nikanyanyua nukta hadi mgongoni pake, nikapata 402, mara tatu, na nyasi zilizo nyuma yake 410. Alianguka palepale alipokuwa.

Kila mwanzo wa msimu narudi kwenye nguzo ileile na kuutafuta mwale upya, kwa kuwa kifaa kilichoanguka mara moja kinaweza kuwa kimehama. Mwaka huu mwale wa darubini yangu uko nusu ya nukta juu, kidogo kulia. Nimeuchora kwa kalamu kwenye kipande cha utepe mweupe: duara la nukta, na mstatili mdogo ulioegemea pale ulipo. Utepe huo nimeubandika juu ya kifuniko cha kioo, mahali ambapo siwezi kukifungua bila kuuona.